Sentroidi kuangukia nje ya shamba: chagua nukta kwa kazi yake

Ndugu uliyeuliza kwa nini jina la shamba lililopinda kama mwezi mwandamo linatokea juu ya shamba la jirani, ilhali ST_Centroid, amri ya kutafuta sentroidi (nukta ya katikati ya umbo) katika hifadhidata ya ramani ya PostGIS, haikuonyesha hitilafu yoyote: hitilafu haipo. Sentroidi ni wastani wa eneo lote la umbo, na umbo likipinda vya kutosha, wastani huo hutua nje ya mpaka. Huku Mtwara, ninakochora mashamba ya mikorosho na mipaka ya vijiji, hilo ni jambo la kawaida. Ukitafuta sentroidi ya eneo linalozunguka ghuba, unaweza kuletewa nukta iliyo majini.

Kwanza hakikisha kwamba hukukokotoa wastani wa vipeo, yaani nukta zinazounganishwa kuchora mpaka, njia ambayo wengi huikimbilia kwa wepesi wake. Shamba likipakana na barabara iliyonyooka upande mmoja na mto Lukuledi upande wa pili, aliyezunguka na GPS hurekodi vipeo viwili barabarani na vingine chungu nzima kwenye kona za mto, kwa hiyo wastani huvutwa mtoni hata kama ardhi iliyo nyingi iko barabarani. Isitoshe, kipeo cha kwanza hurudiwa mwishoni ili kufunga poligoni (umbo la shamba), hivyo huhesabiwa mara mbili.

Kwa ajili ya lebo, yaani jina linaloandikwa juu ya shamba kwenye ramani, ST_PointOnSurface ya PostGIS na representative_point ya Shapely (maktaba ya Python ya maumbo) hukuhakikishia nukta iliyo ndani, ingawa wakati mwingine huegemea pembeni kwa namna isiyopendeza. Mimi hupendelea kitovu cha duara kubwa kuliko yote yanayoenea ndani ya poligoni, ambacho PostGIS hukitoa kwa ST_MaximumInscribedCircle kuanzia toleo la 3.1, na ambacho maktaba ya polylabel ya Mapbox hukikadiria vilevile. Duara hilo litafutwe katika mfumo wa ramani unaopima kwa mita, yaani ule wenye namba EPSG:32737 kwa huku kwetu. Ama onyo la GeoPandas, maktaba nyingine ya Python, kuhusu kukokotoa sentroidi katika digrii za latitudo na longitudo, kwa shamba moja lisikukoseshe usingizi, kwa sababu katika eneo dogo hivyo digrii hubadili tu kipimo cha kila mhimili, na sentroidi haisogei kiasi cha kuonekana.

Iwapo nukta unaitaka kwa kupima umbali hadi ghala la chama cha msingi, usitumie yoyote kati ya hizi. Rekodi mahali gari linapoingilia shambani na upaweke katika safu yake ndani ya jedwali la mashamba.