Lori likiniwashia indiketa ya kushoto, nipite?

Swali: Naendesha Probox kati ya Tabora mjini na Kaliua karibu kila wiki, mara nyingi na abiria wanne na mzigo nyuma. Msimu wa tumbaku malori yenye tela ni mengi, ukinasa nyuma ya moja unatembea 70 mpaka Urambo. Madereva wake huniwashia indiketa ya kushoto nipite, lakini mara mbili nimekutana na basi uso kwa uso ikabidi nirudi kwa breki. Ile indiketa niiamini? Na nafasi ya kutosha ni kiasi gani, maana barabara ile imenyooka na unaona mbali? Safari ya pili, katika kurudi, tairi za kushoto zilishuka nje ya lami na gari nusura lipinduke. Nilikosea wapi? (Msomaji, Urambo)

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na nafasi, kwa sababu ukiijua hesabu yake indiketa ya lori haitakusumbua tena.

Lori lako linatembea 70, wewe unataka kulipita kwa 90. Tofauti ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu tu kwa sekunde. Sasa pima unachotakiwa kukimaliza: mita 20 ulizo nyuma yake unapotoka, mita 18 za lori na tela lake, mita 4 za gari lako, na mita 25 mbele yake ili usimchomekee. Jumla ni mita 67, na kwa mwendo huo zinakula sekunde 12 ukiwa upande wa kulia. Ndani ya sekunde hizo 12 wewe umekwenda mita 300, na basi linalokuja kwa 80 limekwenda mita 267. Ongeza akiba ya mita 100 na utaona kwamba unahitaji barabara tupu unayoiona yote kwa macho, karibu mita 700.

Mita 700 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Siku gari halina haraka, sifurisha kile kipimo cha safari kwenye dashibodi, chagua mti mbele yako, kisha uangalie kinasoma ngapi ukiufikia. Wengi wakiulizwa watasema "ile kilomita nzima" kumbe ni 0.4. Fanya hivyo mara kumi na jicho litajifunza.

Ukijaribu kulipita lori hilohilo kwa 80, sekunde zinakuwa 24 na barabara unayohitaji inazidi kilomita moja. Vivyo hivyo kwenye mteremko: lori lililojaa likishuka huongeza mwendo lenyewe, na sheria inaliruhusu kufika 80, kwa kuwa hicho ndicho kikomo cha magari yanayozidi kilo 3,500. Likifika 78 wewe ukiwa 90, zile sekunde 12 zimeshakuwa 20 huku uko ubavuni mwake. Kwa hiyo kwenye mteremko tulia nyuma. Na kama tofauti unayoihitaji huipati bila kuvunja kikomo kilichowekwa kwenye kibao, basi hapo si pa kupita.

Kosa la kawaida kwa gari lenye watu watano ni kuanza kukanyaga mafuta ukiwa umeshatoka upande wako. Probox iliyojaa inachelewa kuchanganya. Kaa mita 40 nyuma ya lori, si 10. Mita 40 kwa mwendo wa 70 ni sekunde mbili: kibao kinachopitwa na mkia wa tela, wewe ukifikie baada ya kuhesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Hapo nyuma unaona pembeni mwa lori pande zote mbili, na ukiona barabara ni tupu unaongeza mwendo ukiwa bado kushoto. Kama ni ya otomatiki, bonyeza kitufe cha O/D kabla, ile taa ya njano iwake, ili gia ya juu kabisa isiingie na injini ivute. Angalia kioo cha pembeni, kwa sababu aliye nyuma yako naye anaweza kuwa ameshatoka. Washa indiketa ya kulia, toka. Ukilikaribia lori hadi mita 20 unakuwa tayari na 90 yako. Na kama nafasi haikupatikana, umebakiwa na mita za kupunguza mwendo bila kuingia chini ya tela.

Kuhusu barabara kunyooka. Ndiyo, imenyooka, lakini si tambarare. Kila inaposhuka kwenye mbuga na kupanda tena, kuna kipande cha lami usichokiona. Jicho linaona lami ya karibu, linaona lami ya mbali, na akili inaziunga kana kwamba ni moja. Basi zima linaweza kumezwa na kibonde hicho. Dalili ni mstari wa katikati: ukiufuata kwa macho ukaona umekatika kisha unaendelea mbele ukiwa mwembamba ghafla, pale pana kipande usichokiona, usitoke. Hatari ya pili ni mazigazi ya mchana wa Septemba na Oktoba, yale "maji" yanayocheza juu ya lami. Gari la rangi ya kijivu lisilowasha taa hupotea ndani yake. Washa taa zako hata saa saba mchana. Na moshi wa mbuga zinazochomwa kiangazi hauhitaji maelezo marefu: punguza, weka dimu, kwani fulu inagonga moshi na kukurudia machoni, na usipite gari lolote.

Sasa indiketa. Kwa sheria indiketa ina maana moja tu: anayeiwasha anataka kuelekea upande huo. Lugha ya madereva ndiyo iliyoongeza kwamba kushoto ni "pita" na kulia ni "subiri". Shida ni kwamba maana zote mbili zinaishi kwenye taa moja. Ya kushoto inaweza kuwa anashusha utingo. Ya kulia inaweza kuwa anakata kuingia ghala la tumbaku. Na hata akiwa anakualika kwa nia njema, yeye amekaa juu na anaona mbali, ila hajui injini yako inavuta vipi wala una abiria wangapi. Amehesabu kwa gari aliloliona kwenye kioo. Kwa hiyo ya kushoto ichukue kama ruhusa ya kuchungulia, kisha ufanye hesabu yako mwenyewe. Ya kulia itii mara zote, maana zake zote mbili zinakutaka ubaki nyuma.

Ukishatoka ukaona basi linakuja, amua mara moja. Kama pua yako haijafika usawa wa kichwa cha lori, breki ya nguvu na urudi nyuma yake. Kama umeshakipita kichwa, usirudi. Kanyaga, maliza, na mwenye lori akiwa muungwana atapunguza. Usikimbilie pembeni kulia, kwa sababu mwenye basi naye anaweza kukimbilia hukohuko.

Usiku sema kwaheri kwa hesabu hizi. Dimu ya kawaida inakuonyesha mita 50 hivi. Gari la 80 kwenye lami kavu linasimama baada ya mita 69 (33 kabla mguu haujafika kwenye breki, 36 za breki yenyewe). La 60 linasimama kwa 45. Baiskeli ya mkaa isiyo na taa haitakusubiri umalize tofauti hiyo.

Mwisho, tairi kushuka nje ya lami. Pale ukingo umelika ukaacha ngazi ya kimo cha kiganja, ubavu wa tairi unausugua na unakataa kupanda. Dereva anaongeza usukani kulia, haupandi, anaongeza tena, kisha unapanda ghafla magurudumu yakiwa yameshakatwa mno. Gari linaruka upande wa pili, dereva anakata kushoto kwa hofu, linapinduka. Ukikanyaga breki kwa nguvu ni vilevile: tairi za kulia ziko kwenye lami na zinashika, za kushoto ziko kwenye changarawe na zinateleza, gari linavutwa kulia. Ikitokea tena, shika usukani kwa mikono miwili, ubaki umenyooka, ondoa mguu kwenye mafuta na uache gari lipungue hadi 30 au 40 ukiwa hukohuko nje. Breki iguse taratibu tu, na mapema kama mbele kuna kalavati, kwani hapo pembeni huisha. Tafuta mahali ukingo ulipo chini, angalia nyuma, ndipo upande.