Usiifomati kompyuta ya zamani kabla hujapima kebo

Ndugu uliyeandika kwamba kompyuta yako ya Windows 98 na mpakato wako hazisomani kwa kebo ya siriali (ile ya kupitisha data biti moja baada ya nyingine), na kwamba fundi amekushauri uifomati hiyo ya zamani: mwambie fundi wako akae mbali nayo.

Mimi nilishauriwa hivyohivyo. Baba yangu mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, na hesabu zake za miaka mitatu, pamoja na orodha ya wadaiwa, zilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani isiyo na njia nyingine ya kutolea mafaili. Nilinunua Kariakoo kebo yenye vichwa viwili vya kike vya pini tisa, vilivyoingia barabara pande zote mbili, huku muuzaji akiniapia kwamba waya ni waya. Nilichapa herufi upande mmoja, kwenye programu ya mawasiliano. Upande wa pili, kimya. Kwa siku nne nilibadili kasi ya mawasiliano kutoka biti 9600 kwa sekunde hadi 115200 na kurudi, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio isiyo na betri. Ndipo fundi alipokuja, akatazama skrini dakika mbili bila kuigusa kebo, akatangaza kwamba draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, zimekufa na Windows ipigwe upya. Akafomati diski. Alipomaliza, kompyuta zilikuwa kimya vilevile, ila sasa hapakuwa na cha kuhamisha. Nami nikamlipa na kumshukuru! Baba mdogo alitumia mwaka mzima kuwauliza wateja, kwa adabu, kama wanakumbuka kudaiwa; hutaamini jinsi watu wazima wanavyoweza kusahau mifuko ishirini ya saruji.

Ubovu ulikuwa kwenye kebo. Katika tundu la pini tisa la kompyuta, pini ya 3 hutuma, ya 2 hupokea, na ya 5 ni ya pamoja (ardhi ya umeme kwa pande zote mbili). Kebo niliyouziwa ilikuwa imenyooka, 2 kwa 2 na 3 kwa 3, kwa hiyo kompyuta zangu zilikuwa zimeunganishwa mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio. Inayotakiwa ni iliyopishanishwa, 2 kwa 3 na 3 kwa 2, na kwa macho hutaweza kuzitofautisha.

Azima mita ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio (hulia ncha zake mbili zikigusa waya mmoja), gusa tundu la 2 la kichwa kimoja na la 3 la kichwa cha pili. Ikilia hapo, ikalia 3 kwa 2 na 5 kwa 5, kebo inafaa. Ikilia 2 kwa 2, irudishe dukani. Lakini kama upande mmoja una pini 25, mpango hugeuka: huko ya 2 ndiyo inayotuma, ya 3 hupokea na ya pamoja ni ya 7, hivyo 2 kwa 2 ndiyo sahihi.

Kisha chomoa kebo, unganisha pini ya 2 na ya 3 za kompyuta ya zamani kwa kipande cha waya, uzime udhibiti wa mtiririko (mpangilio wa kusubiri ruhusa ya upande wa pili kabla ya kutuma), na uhakikishe programu haijionyeshei yenyewe unachochapa. Herufi zikirudi kwenye skrini, tundu na draiva ni zima. Jaribio hilo la nusu dakika lingemwaibisha fundi yule mbele ya baba mdogo.

Kuhusu kasi, weka 9600 pande zote mbili na usiiguse tena. Uliuliza pia programu ipi ni bora. Hilo sitalijibu mpaka uniambie mita imelia wapi.