Maswali ya Wasomaji: Saa ya Tudor Yenye Herufi M.N.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Marseille, na mfanyabiashara mmoja wa saa kuukuu amenionyesha Tudor Submariner yenye uso wa buluu, ambayo anasema ilivaliwa na mpiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Ufaransa. Mfuniko wake wa nyuma umechorwa "M.N. 77", lakini pia una jina la Rolex, na mishale yake haing'ai hata kidogo gizani. Anaidai bei kubwa sana kuliko ya Submariner nyingine za umri huo. Je, hii si bandia?

JIBU: Ndugu msomaji, mambo mawili yanayokutia shaka hayana ubaya wowote, na lile ulilolikubali bila kulitilia shaka ndilo la kuchunguzwa.

Tudor ilianzishwa na Hans Wilsdorf, mwasisi wa Rolex, ili kuuza saa madhubuti kwa bei nafuu zaidi, na kwa miaka mingi makasha yake yalitoka Rolex huku mtambo wa ndani ukinunuliwa kwingine. Kwa hiyo jina hilo kwenye mfuniko ni jambo la kutarajiwa. Kuhusu mwanga, rangi ya kung'aa ya wakati ule ilitegemea tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa ya 1977 (ndio mwaka unaotajwa na ile 77) ambayo ingeng'aa usiku kucha ingekuwa imepakwa rangi upya, nayo thamani yake mbele ya wakusanyaji ingeshuka.

Zimebaki zile herufi, ambazo ni kifupi cha Marine Nationale. Ni kweli kwamba jeshi hilo lilianza kuzijaribu Submariner za Tudor mwaka 1956, miaka miwili baada ya kuingia sokoni, na likaendelea kuzinunua hadi miaka ya 1980. Ni kweli pia kwamba nyingi zilipokelewa bila mikanda, na baadhi ya wapiga mbizi wakajishonea mikanda kwa utepe wa kunyumbuka uliotolewa kwenye miavuli ya kurukia kutoka ndegeni. Mishale mipana na alama za mraba, zilizoletwa mwaka 1969, zinasomeka kwa urahisi majini. Hata hivyo, historia hiyo yote haithibitishi lolote kuhusu saa moja iliyo mezani, kwa sababu fundi yeyote mwenye chombo cha kuchorea anaweza kuchukua Submariner halisi ya kiraia na kuiandika M.N. kwa muda mfupi. (Mkanda nao usikushawishi, kwani wa kuiga unauzwa kwa wingi.)

Mwombe muuzaji hati ya jeshi inayotaja namba ya saa, kisha uondoe mkanda na ulinganishe namba hiyo na ile iliyochongwa kwenye kasha. Tazama pia maandishi ya mfuniko kwa lenzi: ikiwa kingo za herufi ni kali ilhali chuma kinachozizunguka kimelika, maandishi hayo yamechorwa baadaye. Asipokuwa na hati, mimi nisingemlipa zaidi ya bei ya saa ya kiraia, hata kama simulizi yake ni tamu. Ukiinunua, usimruhusu fundi kung'arisha kasha wala kubadilisha mishale, na usiingie nayo majini kabla haijapimwa kwa mgandamizo, kwani mipira ya kuzuia maji huchakaa.