Wakikuuliza "una swali?", usiseme hapana: barua kwa binti yangu

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma asubuhi hii kabla sijatoka kuanika alizeti, mtandao wa huku Kibaigwa si unaujua. Umesema Alhamisi una intavyuu kwenye kile kiwanda cha kukamua alizeti pale Kizota, Dodoma, nafasi ya msaidizi wa mhasibu, na umeniuliza kitu kimoja tu, wakimaliza wakasema "una swali lolote?" ujibu nini, maana rafiki yako mmoja kakwambia usiulize kitu utaonekana mjuaji na mwingine kakwambia uliza mshahara hapo hapo. Ntaandika ndefu kidogo, univumilie, hili jambo limeshaniumiza mwenyewe halafu nikaja kukaa nalo miaka kumi na moja upande wa pili wa meza.

Uliza mwanangu. Mwaka 2009 mi niliambiwa "una swali dada?" nikasema hapana mzee, asante, nikainuka, maana niliogopa kazi isinikimbie. Sikuuliza mkataba, sikuuliza chochote. Kila mwezi kwenye slipu ya mshahara kulikuwa na mstari umeandikwa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na hela imekatwa, nikawa najua niko salama. Nilivyopata mimba ya mdogo wako nikaenda NSSF kufuatilia fao la uzazi, dada wa dirishani akaingiza namba yangu, akanyamaza, akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Miezi 14, hakuna hata mwezi mmoja ulioingia. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba wenzangu ofisini walikuwa wanajua siku zote, nilipowauliza kwa nini hamkuniambia wakasema we hukuwahi kuuliza.

Sasa sio kwamba Alhamisi uingie na swali la NSSF. Maswali mengi tunayoambiwa ni mwiko wala hayana ubaya, shida ni siku yake haijafika. Kuna maswali ya siku ya usaili na kuna maswali ya siku wakishakwambia tunakutaka, na ukiyachanganya ndo unaharibu.

Siku ya usaili uliza kazi. Kazi yenyewe, ile utakayoamka saa kumi na moja kuiwahi. Nilipokuwa ofisi ya utumishi nilikuwa naandika yanayosemwa kwenye usaili, na wakati wa kuuliza maswali ndo nilikuwa naona sura za mabosi zinabadilika. Alikuja binti mmoja mdogo tu, sivii yake ya kawaida kabisa kuliko yako, akasema naomba kuuliza, mkulima akileta mzigo, kilo za mzani na kilo za stoo zikitofautiana jioni, nani anakaa chini kuzipatanisha, ni mhasibu au ni mtu wa stoo? Bosi aliweka kalamu chini. Ugomvi wao wa mwezi mzima ulikuwa huo huo na hakuna mtu wa nje aliyewaambia. Kazi alipata. Na siku hiyo hiyo kaka mmoja mwenye vyeti vizuri aliuliza "samahani, kwani nyie hasa mnajihusisha na nini?" na jopo lote likatazamana, mi nikajua imeisha.

Na wewe una bahati, alizeti umezaliwa nayo. Unajua mavuno yakitoka mbegu zinajaa kila mahali, na kufika mwishoni mwa mwaka zinaadimika na mashine nyingi zinasimama. Basi uliza, mbegu zikiisha, kitengo cha uhasibu kinafanya kazi gani mpaka msimu mwingine? Swali hilo litawaonyesha unaijua biashara yao, na wewe utapata unachokitaka, maana kama kuna watu wanarudishwa nyumbani msimu ukiisha utasikia kwenye jibu, au utaona wanavyojiuma uma. Lingine uliza, aliyekuwa kwenye nafasi hii alikwenda wapi? Uliza kwa upole, ila usizungushe. Wakikwambia alipanda cheo, vizuri, wakikwambia mwaka huu ni mtu wa tatu kuondoka, hapo umeshajua kitu. Mawili yanatosha, ukifika matano unawachosha.

Siku hiyo usiulize likizo, usiulize kama wanakopesha, usiulize kama umepita, wala usiulize kitu ambacho kipo kwenye tangazo. Mshahara usiuanzishe wewe, ila wakikuuliza unategemea kiasi gani usijibu "chochote tu bosi", mwanangu nakuomba sana. Taja hela, na useme ni kabla ya makato au ni ya mkononi.

Hapo kwenye makato nikae kidogo maana hukuwahi kupigiwa hesabu yake. Chukua laki sita. NSSF ni 10% upande wako, 60,000. Bodi ya mikopo, na wewe ulikula bumu, hela ya mkopo wa chuo, miaka mitatu, ni 15% ya mshahara wa msingi, 90,000. Kodi inapigwa kwenye inayobaki baada ya NSSF, yani 540,000, inakuja 24,000. Mkononi unapata 426,000. Hapo hujalipa chumba Nkuhungu wala daladala ya kwenda na kurudi. Kwaiyo ukisema laki sita huku kichwani unawaza laki sita mkononi, mwezi wa kwanza tu utalia.

Wakishakupigia kwamba wanakutaka, sasa hapo fungua mdomo wote, kabla hujasaini. Mkataba wa maandishi upo na ni wa muda gani? Kipindi cha majaribio ni miezi mingapi? Hili la majaribio usilipuuze, ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi bila haki hauwahusu wenye chini ya miezi sita kazini. NSSF wanapeleka lini, na nao wanatoa 10% yao? Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28, saa za kazi hazizidi 45 kwa wiki na ukizidisha ovataimu ni mara moja na nusu, uliza wao wanafanyaje msimu ukiwa juu. Mwajiri anayekasirika kuulizwa hayo na mtu aliyemchagua mwenyewe, bora umjue mapema. Na ukianza, mwezi wa pili nenda NSSF na namba yako ukaangalie, usiamini slipu.

Kitu kingine hukuuliza ila nakwambia kwa sababu we ni binti. Kuna wanaouliza umeolewa, una mpango wa kuzaa lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa mimba au ndoa, na inamhesabu hata anayeomba kazi. Usigombane nao mle ndani, jibu tu kwamba kazi hii naiweza na muda wake nitauheshimu, halafu nyamaza. Na mtu yeyote akikuomba hela ya fomu au ya "kukusogeza", toka mwanangu, hiyo kazi haipo.

Ukija kuitwa huko serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira ni habari nyingine, mshahara unaenda kwa ngazi na unaandikwa kwenye tangazo, huko hata usiuguse.

Vaa lile gauni la bluu, na skafu uiweke kwenye mkoba mpaka ufike, upepo wa msimu huu utakujaza vumbi pale barabarani. Yale maswali mawili yaandike kwa mkono wako kwenye karatasi, unitumie picha Jumatano jioni, saa mbili ntapanda kwa baba yako mdogo mtandao unakoshika, niyasome kabla hujalala.

Mama yako