Dira haiaminiki penye basalti: kwa wanaoanza kuhakiki nguzo za Turkana

Wadogo zangu, katika picha za nguzo za mawe na makaburi ya kale ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, mnazoleta zihakikiwe naona makosa yale yale yakirudi, nami nayaandika hapa kwa kuwa nawapenda, na kwa kuwa makaburi ya kale hayafai kuhukumiwa kwa pupa.

1. Jina pekee halitoshi. Picha ya "Namoratunga" inaweza kuwa ya mojawapo ya maeneo mawili yenye jina hilo: ya Lokori, kwenye makaburi yaliyozungushiwa mabamba, au ya Kalokol, kwenye nguzo 19 kando ya barabara ya Lodwar. Daini faili halisi lenye latitudo na longitudo, maana picha iliyopitia WhatsApp huwa imeshapoteza taarifa hizo.

2. Lava ikipoa kuwa jiwe la basalti hupasuka yenyewe kuwa nguzo za pande tano au sita bila kuchongwa na mtu, kwa hiyo chunguzeni mahali jiwe liliposimama kabla ya kusifu umbo lake.

3. Mwelekeo na umri. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo za Kalokol zilielekezwa kwenye nyota maalumu na kwamba zilisimamishwa yapata mwaka 300 K.K. Habari ilipendeza, ikaenea. Baadaye mwanaakiolojia Robert Soper alirudi kupima, akakuta mawe yenyewe yana usumaku unaopotosha dira, hata vipimo vya awali vikahitaji kusahihishwa. Umri nao ulikuwa wa kuazima: kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa mabaki ya viumbe, kilitoka Lokori, kikahamishiwa Kalokol kwa sababu maeneo hayo mawili yalionekana kufanana. Uchimbaji wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa maeneo ya nguzo ya Turkana ni ya wafugaji walioishi yapata miaka 5,000 iliyopita, na katika eneo moja tu, Lothagam North, wanakadiriwa kuzikwa watu wasiopungua 580. Lynch na Robbins walisimama pale pale, wakiyagusa mawe kwa mikono yao, na bado tarehe ikapotea kwa zaidi ya miaka 2,000. Ninyi mnataka kutoa tarehe mkiwa mmekaa kitini, kwa picha moja?

Basi mwelekeo ulioandikwa na simu msiutegemee, kwa kuwa simu nayo hutumia sumaku. Tumieni kivuli: mkijua mahali, tarehe na saa kamili, mtakokotoa jua lilikuwa upande gani, na kivuli kitawapa kaskazini ya kweli, ambayo mtailinganisha na picha ya setilaiti. Chagueni picha za asubuhi au jioni, kwani Kalokol iko karibu na ikweta na vivuli vya adhuhuri huwa vifupi mno.

4. Wafugaji wa hapo waulizwe mapema, kabla hamjaandika neno "ugunduzi".

5. Latitudo na longitudo za makaburi msizisambaze ovyo, maana wachimbaji haramu nao husoma. Zipelekeni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwani sheria ya mwaka 2006 inamtaka aliyeona kitu cha kale atoe taarifa.