Mzee kageuka na bastola mkononi, nimwambie nini?

Mbukwenyi wasomaji wangu wa Dodoma na kwingine kote mnakotusoma. Leo maswali ya mirathi na ya majirani yanasubiri, nawaombeni radhi wenyewe, maana kuna barua imekuja toka Nzuguni nimeisoma mara tatu na nimeona niipe nafasi kubwa, na nyingine zinazofanana nayo nimeziweka chini yake.

*Shikamoo mwalimu. Mi silaha namiliki kihalali mwaka wa sita huu na kila mwezi naenda kulenga shabaha. Jumamosi iliyopita alikuja mzee mmoja anaeheshimika sana hapa mjini, ana bastola mpya kabisa. Kapiga mbili, ya tatu haikutoka, basi mzee kageuka mzima mzima kututazama sisi tuliokua nyuma anasema "mbona imegoma hii?", kidole bado kipo kwenye triga na mtutu unatupitia vifuani mmoja mmoja. Tulilala chini wote. Msimamizi alikua mbali anamuelekeza mtu mwingine. Baada ya pale hakuna aliemwambia kitu, mzee ni kama baba yetu, unamwanzia wapi? Na mimi nilinyamaza na ndo kinachoniuma. Mgeni wa silaha kama yule namsaidiaje bila kumvunjia heshima?*
*Msomaji, Nzuguni*

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa mshtuko, na ahsante kwa kusema ukweli kwamba ulinyamaza, wengi wangejitoa hapo.

Nianze na mzee mwenyewe. Yule hakufanya kiburi, alifanya anachofanya binadamu yeyote akichanganyikiwa, anageukia watu aulize, na akigeuka mwili na mkono unageuka, na mkononi kuna bastola. Nimefundisha watu kulenga kwa miaka mingi na nakwambia mtutu kupotea njia mara nyingi unaanzia hapohapo, mtu alikua na swali tu. Kwa iyo ukitaka kumsaidia mgeni mwondolee sababu ya kugeuka. Simama ubavuni kwake, upande wa mkono ulioshika silaha, nyuma kidogo ya bega lake, karibu kiasi mkono wako unafika kwenye mkono wake bila kunyoosha sana. Akiongea anaongea na wewe hapohapo huku anaangalia mbele. Na kabla hajajaza hata risasi moja mwambie: ukiwa na swali usigeuke, toa kidole kwenye triga, weka silaha mezani mtutu ukitazama tuta la udongo, ndo uniulize. Mwambie arudie kwa mdomo wake. Akianza kuzunguka licha ya yote hayo basi wewe unauzuia mkono wake kwenye kigasha unaurudisha mbele, ila usiirukie bastola yenyewe wala usije ukaifata kwa mbele.

Sasa la heshima, maana hili ndo swali lako hasa. Sisi tumelelewa hivyo, mkubwa hakosolewi mbele za watu, na mimi siwezi kukwambia utupe malezi yako. Ila fikiria, ungemheshimu vipi mzee yule kama angerudi nyumbani kwake jioni ile ana roho ya mtu mikononi? Maneno ya heshima yanasemwa mapema, kabla begi halijafunguliwa. Unamfata pembeni, unampa shikamoo yake, unamwambia "mzee naona leo umekuja na chombo kipya, mi mwanzo vilinisumbua sana hivi, naomba nisimame na wewe hizi risasi za mwanzo." Sijawahi kuona mzee amekataa hilo, wengi wanashusha pumzi kabisa maana nao wanaogopa ila hawana wa kumwambia. Lakini mtutu ukishapotea njia hapo hakuna shikamoo, unapaza sauti "SIMAMA! Mtutu mbele!" na unapaza kwa nguvu, masikio yake yamezibwa. Kupaza sauti ya kusimamisha ni haki ya kila aliepo pale, hata kijana anaeuza maji nje ya geti, na ikishasikika kila mtu anaacha kupiga. Kuombana radhi ni baadae.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako ambalo naona hukuliona. Unasema ya tatu haikutoka. Risasi isipotoka ukavuta triga haina maana imekufa, kuna wakati baruti inachelewa kushika moto halafu inalipuka sekunde kadhaa baadae, yani mzee angeweza kua ameshageuka kwenu ndo inatoka yenyewe. Ikigoma, mtutu unabaki pale pale mbele, kidole nje, unahesabu taratibu mpaka 30, ndo unatoa magazini, kile kikasha cha risasi, na kuitoa ile risasi. Na kuna ya pili ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu haitishi: unavuta unasikia "pu" ndogo, kama kizibo cha chupa, na mkono haurushwi kama kawaida. Hapo simama kabisa, usikoki tena. Inawezekana kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasukia mkononi mwako. Mgeni akisikia "pu" anadhani silaha imechoka, anakoki na kuvuta tena, kwa iyo wewe uliezoea ndo unatakiwa uwe na sikio la ile sauti.

Na nakupa kitu kimoja cha mkononi kabisa: mgeni mpe risasi moja. Moja tu kwenye magazini, apige, aweke chini, apumue, umpe nyingine moja. Silaha ikipiga teke mtu asiezoea anakaza mkono wote kwa woga na kidole kinavuta tena bila kutaka, mtutu ukiwa umeshapanda juu, kama risasi ilikua moja basi haina cha kutoa. Agosti 2014 huko Arizona, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 9 alipewa bunduki ndogo aina ya Uzi kwenye uwanja wa shabaha, kapiga moja vizuri, mwalimu wake akageuza ile bunduki ikae kwenye kumimina mfululizo, teke likamshinda mtoto, mtutu ukapanda kushoto na mwalimu akapigwa kichwani akafariki. Mwalimu alikua mzoefu na alikua amesimama ubavuni kwake kabisa, kwa iyo kusimama karibu peke yake hakutoshi, silaha nayo iwe ya kiasi cha nguvu za anaeishika na uzoefu wake.

*Habari mwalimu, mi ni mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, kwa ajili ya usalama wangu nimepata kibali cha bastola. Kusema kweli naiogopa, mikono inatetemeka. Nikishatoa magazini si inakua haina kitu? Na nikienda renji, kule uwanja wa shabaha, wanaume wote wananiangalia.*
*Mama wa Kibaigwa*

Mama, hapana, na naomba hili ulishike kuliko yote nitakayosema leo. Ukitoa magazini inaweza kubaki risasi moja ndani ya chemba, yani pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kupigwa, na hiyo moja inaua sawasawa na zingine. Kuna utaratibu na ukiupindua unajidanganya. Mtutu sehemu salama, kidole nje, toa magazini KWANZA, ndo uvute slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, mara kadhaa ile ya chemba iruke, kisha uifunge slaidi ikiwa wazi uangalie kwa macho na uingize ncha ya kidole kidogo uhakikishe kwa kugusa, maana gizani au ukiwa na haraka macho yanaona inachotaka roho. Ukivuta slaidi kwanza halafu ndo utoe magazini, ile ya zamani imeruka ndio lakini mpya imepanda kutoka kwenye magazini, na wewe umeshaiona moja inadondoka chini unajua umemaliza. Watu wameua ndugu zao sebuleni kwa kosa hilo hilo, na kila mmoja alisema "nilijua haina kitu." Kwa iyo hata ukikabidhiwa na mtu alieikagua mbele yako, ikague tena, na yeye asikasirike.

Kutetemeka kunaisha kwa mazoezi ya bila risasi za moto. Tafuta risasi bandia za mazoezi za saizi ya silaha yako, uzoee kushika, kulenga na kuvuta triga taratibu, risasi za kweli ziwe chumba kingine kabisa. Kwenye kushika, dole gumba lisikae nyuma ya slaidi, ikirudi inachana nyama. Kidole cha triga kikae kimenyooka ubavuni mwa bastola mpaka macho yako na shabaha vimekubaliana. Siku ya renji vaa shati la kufunga mpaka shingoni, hata kitenge kifunge vizuri, maana maganda yanaruka yakiwa ya moto na likiingia kifuani mtu anarukaruka na silaha mkononi bila kujua mtutu uko wapi. Likikuingia vumilia, weka silaha chini kwanza, kovu dogo linapona.

Masikio nayaongelea kwa uchungu kidogo. Mshindo wa bastola unapita desibeli 140, na kwa kiwango hicho mshindo mmoja tu unaweza kuumiza sikio moja kwa moja, vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Ujanani mwangu tulikua tunapiga masikio wazi, anaeziba alionekana mwoga, na leo sikio langu la kushoto linalia kama nyenje usiku kucha, wajukuu wakiniita upande huo siwasikii. Vaa vizibo vya kuingiza ndani na juu yake vya kufunika, vyote viwili, na miwani ya kinga. Hao wanaume wanaokuangalia waache, ukifika muite msimamizi umwambie "mimi mgeni, nielekeze", kisha simama kibanda cha mwisho cha pembeni ambako una mtu upande mmoja tu.

*Mwalimu naomba kujua, nina shotigani ya kulinda shamba huku Chemba, nyani na ngedere wamezidi. Naweza kuzoea kulenga kwenye mawe nyuma ya kwangu? Na risasi nimepata za aina mbili zote zinaingia.*
*Mkulima*

Usilenge kwenye mawe kaka. Nchi yetu hii ya Ugogo na Urangi imejaa majabali na ardhi ya kiangazi ni ngumu kama sakafu, risasi ikigonga jabali inadunda na kwenda isikokua na mwenyewe, inaweza hata kukurudia. Na huko vichakani kuna watoto wanachunga mbuzi ambao wewe huwaoni. Risasi ndogo kabisa ya .22 inasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, sasa hesabu kilomita moja na nusu toka kwako kuna nani. Muulize OCD, yani mkuu wa polisi wa wilaya yako, wapi panaruhusiwa kufanya mazoezi, na iwe sehemu yenye tuta nene la udongo.

Hizo aina mbili ndo zimenishtua zaidi. "Zinaingia" siyo kipimo. Shotigani nyingi ni geji 12, geji ni kipimo cha upana wa mtutu na namba ikipanda upana unapungua, na risasi ya geji 20 ni nyembamba kidogo, ukiiweka kwenye geji 12 inateleza mbele inakwama ndani ya mtutu, ukichungulia chemba unaona tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unavuta, na mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhikilia. Ndo sababu za geji 20 viwanda vimezoea kuzitengeneza za njano. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa mtutu, soma kwenye kitako cha risasi, visipofanana zirudishe ulikozipata na usikae nazo ndani.

*Mke wangu ni mjamzito miezi mitano na anapenda kunisindikiza renji, kijana wetu wa miaka 4 pia. Kuna shida?*
*Baba K., Ihumwa*

Ipo, waache nyumbani. Kelele ni moja, kuta za tumbo hazimzibi mtoto masikio. Ya pili ni vumbi, siyo bahati mbaya kwamba madini na risasi vina jina moja kwa Kiswahili, kila ukipiga kuna moshi wenye madini ya risasi unatua mikononi, kwenye nywele na kwenye nguo, na madini hayo yanaharibu ubongo wa mtoto unaokua, aliezaliwa na ambae bado. Na wewe mwenyewe usile karanga wala kuvuta sigara pale kwenye mstari. Ukimaliza nawa kwa maji ya baridi na sabuni mpaka viwiko, uso pia, viatu viache nje, badili shati ndo umbebe mtoto.

Na wewe wa Nzuguni, muulize msimamizi mzee anarudi lini. Siku hiyo wahi, umkute bado yuko kwenye gari.