Kabla ya geji, uliza gramu za zinki

Ukienda kununua bati la kuezekea, dukani utaulizwa mambo mawili: geji na rangi. Geji ni unene (namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba), nayo ina kazi yake, kwani bati la geji 32 hubonyea fundi akilikanyaga vibaya, wakati la geji 28 ni gumu zaidi. Lakini chuma chembamba hivyo kikishaanza kuliwa hakichelewi kutoboka. Kinga yake ni zinki, na zinki hupimwa kwa gramu.

Watu wa kale hawakuihitaji. Kuba la Pantheon, hekalu la kale la Roma, lilifunikwa vigae vya shaba nyeusi, na kilichoviondoa si kutu: Kaisari Constans wa Pili alivibandua mwaka 663, na mwaka 735 yakawekwa mabamba ya risasi. Shaba na risasi hujitengenezea gamba kwa hewa na mvua, na likikwaruzwa hujirudia. Kutu ya chuma hubambuka na kuacha chuma kipya wazi. Ndiyo maana bati la migongo, ambalo Mwingereza Henry Robinson Palmer alilipatia hataza mwaka 1829, lilimhitaji sana Mfaransa Stanislas Sorel, aliyepata hataza ya kuchovya chuma katika zinki mwaka 1837.

Sasa hesabu. Alama Z275 maana yake gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, yaani kama maikroni 20 kila upande (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Z100 ni kama maikroni 7. Bara pakavu, zinki hupungua chini ya maikroni moja kwa mwaka. Karibu kabisa na bahari, penye rasharasha za mawimbi, hupungua 4 hadi 8. Z100 hapo haimalizi mwaka wa pili! Nunua aluminiamu, au bati la aluminiamu na zinki lenye rangi nzuri, na umuulize muuzaji dhamana yake inafika umbali gani kutoka baharini.

Kisha usilijeruhi. Kata kwa mkasi wa bati. Cheche za grinda huunguza zinki, na vumbi lake la chuma huacha madoa ya kutu siku chache tu baadaye. Msumari hupigwa juu ya mgongo, maana maji hupita bondeni. Acha kupiga pale mpira ulio chini ya kichwa cha msumari ukishagusa bati: ukiusaga utapasuka kwa jua, na mgongo uliobonyea utatuamisha maji kwenye tundu. Bati lipande jirani yake kwa mgongo mmoja na nusu, na la juu lilalie la chini sentimita 15, au 20 paa likiwa la kulala. Pwani, anza kuezeka upande wa kaskazini ili kusi isiingie kwenye maungio.

Mabati yakisubiri fundi, yaegemeze juu ya mbao na yapitishe hewa. Yakilowa yakiwa yamebanana huota unga mweupe, na hiyo ni zinki unayoipoteza kabla hujaezeka.

Kosa lisiloonekana ni bomba la shaba la kiyoyozi linalodondoshea maji kwenye bati. Maji hayo hubeba shaba kidogo, nayo hula zinki mstari mzima hadi kwenye mfereji. Yahamishe kwa bomba la plastiki. Na chini ya upenu, ambako mvua haifiki kuosha chumvi, mwagia maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya miezi sita.